Kupanga Siku kwa Saa ya Dawa: Mwongozo wa Kuishi na Ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson ni maradhi ya ubongo yanayoendelea polepole kwa miaka mingi, na chanzo chake ni kufa kwa seli za neva, katika sehemu ndogo ya ubongo wa kati, ambazo hutengeneza dopamini, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine na kuuwezesha mwili kuanzisha miendo na kuiendeleza bila mtu kuifikiria. Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza katika kijitabu kilichochapishwa London mwaka 1817, na baadaye katika karne hiyo hiyo daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot akapendekeza uitwe kwa jina la mtangulizi wake. Hata hivyo dawa yenye nguvu ya kuutuliza haikupatikana hadi miaka ya 1960, na tiba ya kuuondoa kabisa bado haipo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nao. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa waliobainika hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Mtu wa namna hiyo huweza kuishi miaka mingi akidhaniwa kuwa amezeeka mapema, amelewa au amerogwa.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa na daktari, pamoja na jamaa anayemtunza. Hoja yake ni kwamba maisha ya kila siku huwa mepesi pale siku nzima inapopangwa kwa kufuata saa ya dawa, na pale mwendo uliokuwa ukijiendesha wenyewe unapoanza kufanywa kwa makusudi, kitendo kimoja kwa wakati mmoja.

Dalili inayojulikana zaidi ni kutetemeka kwa mkono uliotulia, ambako kwa kawaida huanzia upande mmoja wa mwili, lakini dalili iliyo kiini cha ugonjwa ni wepesi wa mwili kupotea: hatua hufupika, mkono huacha kupunga mtu anapotembea, mwandiko huwa mdogo na kuzidi kudidimia kadiri mstari unavyosonga, sauti hufifia, na uso hukosa bashasha hata pale moyo unapofurahi. Viungo hukakamaa, na baada ya miaka kadhaa uwezo wa kujizuia kuanguka hupungua. Wapo wagonjwa ambao hawatetemeki kabisa, na hao ndio ambao mara nyingi hutibiwa maumivu ya bega au baridi yabisi kwa muda mrefu kabla ya ukweli kujulikana. Kwa upande mwingine, si kila anayetetemeka ana Parkinson: mtetemeko unaojitokeza hasa mtu anaposhika kikombe au kuandika huwa mara nyingi ni maradhi mengine, na zipo dawa, hasa za magonjwa ya akili na baadhi ya zile za kuzuia kutapika, ambazo huleta dalili zinazofanana kabisa na za Parkinson na ambazo hupungua dawa hizo zinapoachishwa na daktari. Kwa hiyo orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo za mitishamba, ifike mbele ya daktari tangu siku ya kwanza.

Dawa kuu ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kwa kuwa dopamini yenyewe ikimezwa haiwezi kupenya kutoka kwenye damu na kuingia katika ubongo. Levodopa huchanganywa katika kidonge kimoja na karbidopa, kama ilivyo katika Sinemet, au na benserazidi, kama ilivyo katika Madopar, na kazi ya viambata hivi viwili ni kuizuia isigeuzwe kuwa dopamini ikiwa bado nje ya ubongo, jambo ambalo hupunguza kichefuchefu na kuiacha sehemu kubwa zaidi ifike inakotakiwa. Namba mbili zilizoandikwa kwenye pakiti ya levodopa na karbidopa, kwa mfano 250/25 au 100/25, ni miligramu za kila kimoja, na baadhi ya watengenezaji huzigeuza na kuandika 25/250 au 25/100. Mgonjwa anayepewa pakiti tofauti na aliyoizoea anapaswa kuzisoma kabla ya kumeza chochote, kwa sababu kidonge cha kwanza kina levodopa mara mbili na nusu ya ile iliyomo katika cha pili. Vidonge vinavyotoa dawa polepole havitwangwi wala havitafunwi, kwani vikivunjwavunjwa dawa yote huachiwa kwa mkupuo.

Katika miaka ya mwanzo mgonjwa anaweza kuchelewesha dozi bila kuona tofauti kubwa, ila ugonjwa unapoendelea kila dozi hudumu saa chache tu, na kabla ya dozi inayofuata mwili huanza tena kukakamaa na kuwa mzito. Hapo ndipo saa inapokuwa na uzito. Dozi ya saa moja asubuhi ikicheleweshwa kwa nusu saa, huenda kuoga, kuvaa na kupata kifungua kinywa vyote vikaharibika, na mchana mzima ukapita katika kujaribu kurudisha kilichopotea. Kengele ya simu inatosha kukumbusha, na wale wanaoishi jirani na msikiti katika miji ya pwani wanaweza kuitegemea adhana, ambayo katika nchi zilizo karibu na ikweta haibadiliki sana mwaka mzima, mradi daktari amekubali ratiba hiyo. Shughuli zinazohitaji mwili mwepesi, kama vile kuoga, kwenda sokoni, kutia sahihi benki au kupokea wageni, ziwekwe katika muda ambao dawa imekwisha kushika, na mapumziko yawekwe pale inapoelekea kwisha.

Chakula nacho huingia katika hesabu hii. Protini, yaani kirutubisho kilichomo kwa wingi katika nyama, samaki, maharage, mayai na maziwa, hugombania na levodopa njia ile ile ya kutoka utumboni na ya kuingia katika ubongo, na kwa sababu hiyo kidonge humezwa kwa maji matupu nusu saa au zaidi kabla ya kula, au baada ya kula kupita kwa saa moja hadi mbili, wala hakimezwi kwa chai ya maziwa. Mgonjwa anayepatwa na kichefuchefu anaweza kula kidogo kitu kisicho na protini nyingi, kama kipande cha muhogo au ndizi, pamoja na dawa. Yule ambaye dozi ya mchana humgomea kila anapokula ugali kwa maharage anaweza, kwa ushauri wa daktari, kuihamishia sehemu kubwa ya kitoweo kwenye mlo wa jioni; lakini asiache protini, kwa maana wagonjwa wengi hupungua uzito, na mwili uliodhoofika huanguka upesi na kupona polepole. Vidonge vya madini ya chuma navyo hupunguza ufyonzwaji wa levodopa, na vinafaa kutenganishwa nayo kwa saa mbili au zaidi.

Baada ya miaka ya kutumia levodopa, baadhi ya wagonjwa huanza kuchezacheza mwili bila kutaka, kichwa au mabega yakijipinda kana kwamba wanafuata muziki. Jamaa huogopa na kudhani ugonjwa umezidi, ilhali mara nyingi ni dalili ya dawa kuwa nyingi katika saa hiyo, na daktari anaweza kuigawa katika dozi ndogo zaidi zinazokaribiana. Kwa ajili hiyo daftari dogo lina thamani kubwa: kwa siku tatu au nne kabla ya kwenda kliniki huandikwa saa ya kila dozi, saa mwili ulipokuwa mwepesi, saa ulipoganda na saa ulipochezacheza, na daktari aliye na karatasi hiyo mbele yake huamua vizuri kuliko yule anayeambiwa tu kwamba hali si nzuri.

Aina nyingine mbili za dawa zinahitaji tahadhari. Triheksifenidili, ambayo huuzwa pia kwa jina la Artane, hupunguza mtetemeko, lakini kwa wazee huleta usahaulifu, kuchanganyikiwa, mkojo kuzuilika na choo kuwa kigumu, na haifai kuongezwa kiholela eti kwa sababu mkono bado unatetemeka. Dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kama vile pramipeksoli na ropiniroli, huweza kuamsha kwa baadhi ya watu tamaa isiyozuilika ya kubeti, kununua vitu au ngono, na familia inayoona fedha zikitoweka ghafla yafaa ilitaje jambo hilo kwa daktari bila kumfedhehesha mgonjwa, kwani ni athari ya dawa, na daktari anaweza kuipunguza au kuibadilisha.

Swali la mitishamba linastahili jibu la heshima. Mbegu za upupu, mmea ambao vinyweleo vya maganda yake huwasha mno vikigusa ngozi, kweli zina levodopa, na watafiti wamezichunguza kama njia ya kuwafikia wagonjwa wasioweza kumudu vidonge. Tatizo ni kipimo: kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu na kati ya njia moja ya kutayarisha na nyingine, hakuna karbidopa ndani yake ya kuzuia kichefuchefu, na anayezichanganya na vidonge bila kumwambia daktari anajiongezea dozi isiyojulikana. Afadhali mgonjwa aseme waziwazi kwamba anazitumia kuliko kuzificha kwa kuogopa kugombezwa.

Gharama na uhaba wa dawa ni mambo halisi katika Afrika Mashariki, na jambo la hatari zaidi linalotokana nayo ni levodopa kukatika ghafla. Mwili ulioizoea ukikosa dawa kwa mkupuo unaweza kukakamaa vibaya, ukapandwa na homa kali na akili ikavurugika, hali ambayo huweza kuua. Ni busara kununua pakiti inayofuata ile ya kwanza ikiwa imebakiwa na wiki mbili hivi, kujua maduka zaidi ya moja yanayoiuza, na fedha zikipungua kumwendea daktari mapema ili dozi ipangwe upya, badala ya kusubiri kidonge cha mwisho.

Kutembea ni uwanja ambao makusudi ya mgonjwa huleta faida kubwa kuliko mahali pengine popote. Sehemu za ndani za ubongo zilizokuwa zikiendesha hatua bila kuombwa zimedhoofika, lakini njia nyingine za ubongo, zile zinazotumika mtu anapofuata mdundo au anapolenga alama aliyoiona, mara nyingi bado zina uwezo, na zinaweza kushika kazi hiyo. Wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata mlio wenye mdundo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mwendo wao uliboreka. Hakuna sababu ya familia kungoja kifaa maalumu: kuhesabu moja, mbili kwa sauti, kupiga makofi taratibu, au kuimba wimbo wenye mapigo thabiti kunatosha. Mgonjwa aamue kwa makusudi kupiga hatua ndefu, akitanguliza kisigino, mikono ikipunga, macho yakitazama mbele wala si kwenye vidole vya miguu.

Wakati mwingine miguu huganda sakafuni kana kwamba imepigiliwa misumari, hasa mlangoni, kwenye nafasi nyembamba, wakati wa kugeuka, au mtu anapoharakishwa. Kumvuta mkono mtu aliyeganda ni kumwangusha, kwa kuwa kiwiliwili husonga na miguu hubaki. Njia iliyo salama ni kusimama kabisa, kuvuta pumzi, kunyoosha mgongo, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine mara chache, kisha kuinua goti na kupiga hatua moja kubwa. Msindikizaji anaweza kusimama ubavuni na kuutanguliza mguu wake kidogo ili mgonjwa auruke, au kuonyesha mstari wa sakafu na kumwambia aukanyage. Mlango unaomsumbua kila siku unaweza kuchorewa mistari kadhaa ya rangi sakafuni, umbali wa hatua moja kati ya mstari na mstari. Kugeuka kufanywe kwa kuzunguka duara pana, kamwe si kwa kujipinda juu ya mguu mmoja. Kutembea huku amebeba ndoo na kuongea na jirani ni mambo matatu kwa mpigo. Mgonjwa asimame anapotaka kuongea, na mizigo midogo iingie katika mkoba wa begani ili mikono ibaki huru.

Mazoezi ya kila siku si nyongeza ya matibabu, ni sehemu yake. Nusu saa ya kutembea asubuhi kabla jua halijawa kali, kunyoosha mgongo ukutani, kuketi na kuinuka kitini mara kadhaa, au kucheza ngoma kwenye sherehe ya jamaa, vyote huhesabika, mradi miendo iwe mikubwa na ifanywe muda ambao dawa imeshika.

Nyumbani, hatari zipo mahali palipozoeleka: kizingiti kilichoinuka, mkeka uliojikunja ncha, waya wa televisheni, na njia ya gizani inayoelekea choo cha uani. Ndala hukokotwa na kuteleza, kwa hiyo kiatu kinachoshika kisigino ni bora hata ndani ya nyumba. Choo cha kuchuchumaa humshinda mgonjwa kuinuka. Bomba la chuma lililofungwa imara ukutani, au kiti cha mbao chenye tundu kinachowekwa juu ya shimo, humrudishia faragha yake, na faragha ni jambo ambalo wagonjwa hulithamini kuliko jamaa wanavyodhani. Bafuni pawekwe kiti kisichoteleza, na mtu aoge ameketi. Vifungo vidogo vya shati vinaweza kupumzishwa kwa kuvaa kanzu, dera, au suruali yenye mpira kiunoni, na mkono uliokakamaa ndio unaotangulia kuingia katika mkono wa nguo. Kitandani, shuka lenye kuteleza kidogo na magoti yaliyokunjwa kabla ya kugeuka hurahisisha kazi ambayo usiku huwa ngumu kuliko mchana, na chandarua kichomekwe vizuri ili kisimnase miguu anapoamka kwenda haja.

Choo kigumu huanza kwa wagonjwa wengi miaka mingi kabla ya mtetemeko, na huchelewesha dawa kufika utumbo mdogo kwa kuwa tumbo lote huwa limepoa. Maji ya kutosha kutwa nzima, ugali wa dona badala ya sembe, papai, mboga za majani na matembezi husaidia. Visipotosha, daktari atoe dawa ya kulainisha choo mapema. Kumeza nako hudhoofika. Mlaji aketi wima, kidevu kikielekea chini kidogo, tonge liwe dogo na limezwe lote kabla ya jingine, bila mazungumzo. Maji na chai, kwa wepesi wake, huweza kumpalia mtu aliyemudu uji mzito vizuri, na kikohozi kinachorudi katika kila mlo, au homa ya mapafu inayojirudia, ni ishara ya kumwona mtaalamu bila kusubiri.

Kizunguzungu cha kuinuka hutokana na presha kushuka mtu anaposimama, nayo huletwa na ugonjwa wenyewe na pia na dawa zake. Kuinuka kufanywe kwa vituo: kuketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, kuchezesha vifundo vya miguu, kisha kusimama pakiwapo mahali pa kushika. Anayeswali anaweza kuswali kwenye kiti, ruhusa ambayo sheria ya dini yake inaitambua kwa mgonjwa, na hivyo akaepuka kuinuka ghafla kutoka katika sijida. Kuhusu Ramadhani, mgonjwa anayehitaji levodopa mara tatu au zaidi kwa siku asijikatie dozi za mchana kwa uamuzi wake. Suala hilo liwekwe mbele ya daktari, na pia mbele ya mwanachuoni, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Sauti iliyofifia humfanya mgonjwa aonekane amenuna au hana la kusema. Yeye mwenyewe huhisi kuwa anasema kawaida, na ndiyo maana maelekezo yenye manufaa ni kumwambia aseme kwa sauti ambayo kwake inaonekana kama ya kupaza, sentensi fupi, pumzi moja kwa kila sentensi. Aibu ya kutetemeka mbele za watu huwafungia wengi ndani, na ndani ndiko mwili unakozidi kukakamaa. Muhammad Ali, bondia aliyebainika kuwa na ugonjwa huu mwaka 1984, alisimama Atlanta mwaka 1996 akauwasha moto wa Olimpiki huku mkono wake ukitetemeka mbele ya dunia nzima, na hakuna aliyeiona siku hiyo aliyemdharau. Sonona, yaani huzuni inayodumu na kuondoa hamu ya mambo yote, ni sehemu ya ugonjwa kwa sababu ubongo ule ule ndio ulioguswa, nayo hutibika. Usiku baadhi ya wagonjwa hupiga mateke na kupiga kelele wakiigiza ndoto zao, na ni salama mwenzi akilala kitanda kingine kwa muda na vitu vyenye ncha vikaondolewa. Maruweruwe, kama kuona watoto au wanyama wasiokuwapo chumbani, hayana uhusiano wowote na mashetani. Hupelekwa kwa daktari, ambaye huanza kwa kupekua maambukizi na dawa anazotumia mgonjwa.

Anayemtunza mgonjwa humtendea wema mkubwa anapompa muda badala ya kumfanyia. Kufunga kamba za viatu kwa dakika sita ni zoezi la vidole. Kufungiwa kwa sekunde kumi ni kupokonywa uwezo uliobaki, na kazi hiyo haistahili kuachiwa binti mmoja wa nyumba mwaka baada ya mwaka, kwani naye huchoka na kuugua.

Pindi mgonjwa anapolazwa, hata kwa sababu nyingine kama malaria au kuvunjika mfupa, jamaa wafike na vidonge vyake pamoja na karatasi iliyoandikwa saa za kila dozi, na wawaeleze wauguzi kwamba dawa hizo hazisubiri mzunguko wa wodi. Karatasi hiyo hiyo itaje dawa zinazozuia dopamini na ambazo asipewe bila daktari wake kujua: metoklopramidi na proklorperazini za kuzuia kutapika, na haloperidoli na klorpromazini za kutuliza. Akitapika, domperidoni huwa chaguo linalofaa zaidi, daktari akishaujua moyo wake kuwa hauna tatizo. Akitakiwa kufanyiwa upasuaji, daktari wa usingizi aulizwe mapema kidonge cha mwisho kitamezwa saa ngapi na cha kwanza baada ya kuzinduka kitatolewa na nani.